Muziki wa Chuma Kizito Umefika Kyerwa

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao betri ziliwaishia.

Wiki iliyopita niliwaahidi kwamba leo tutazungumza habari za bei ya kahawa. Naomba kahawa isubiri kidogo, maana nayo imetuzoesha kusubiri. Nimepata barua ambayo haifai kulala mezani wiki nyingine.

Barua imetoka kwa mzee mmoja wa wilaya ya Kyerwa. Jina lake nalihifadhi kwa sababu majirani zake ni wasikilizaji wetu, na wao ni sehemu ya kesi yenyewe. Mzee anaeleza kwamba kijana wake amemaliza kidato cha nne. Msimu wa kahawa ulipokwisha, alimpa fedha akanunue mbuzi watatu wa kuanzia maisha. Kijana akaenda mjini, akarudi na gitaa la umeme, spika moja kuukuu na fulana nyeusi yenye picha ya fuvu la kichwa. Tangu siku hiyo, kila jua linapozama, nyumba hiyo hutoka mngurumo, na juu ya mngurumo sauti ya mtu anayelia kama ndama aliyekwama kwenye tope. Majirani wamekata shauri kwamba kijana ameingia dini ya shetani. Mmoja wao, fundi mwashi, amejitolea kuja na nyundo yake alivunje gitaa bila malipo. Mzee anamaliza kwa kuuliza: "Wewe unayejisifu redioni kwamba ni mpenzi wa muziki huo, nilivunje au nisilivunje?"

Mzee wangu, shikamoo. Nitakujibu, ila naomba univumilie kwanza, kwani swali lako linahitaji mzunguko.

Ni kweli mimi ni mpenzi wa muziki huo, na sijifichi. Waingereza wanauita hevi metali, na kwa Kiswahili chepesi tungesema chuma kizito. Jina hilo linaufaa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1970, tarehe 13 Februari, vijana wanne wa mji wa Birmingham, Uingereza, walitoa albamu yao ya kwanza iliyokuwa na jina la bendi yao, Black Sabbath. Birmingham ulikuwa mji wa viwanda vya vyuma. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha kukata na kukunja bati, na siku yake ya mwisho kazini, akiwa na umri wa miaka 17, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vya kubana nyuzi. Mtu mwingine angeuza gitaa akanunua mbuzi. Yeye aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vikofia vya kuvalisha vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Uzi uliolegea hutoa sauti nzito ya chini, kama gari la mizigo linalopanda mlima. Hiyo sauti nzito anayoisikia mzee jioni, asili yake moja ni vidole vya kibarua wa kiwandani.

Bendi hiyo ilipiga kwa mara ya mwisho palepale Birmingham, katika uwanja wa Villa Park, tarehe 5 Julai 2025. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, aliimba akiwa amekaa kitini kwa sababu ya maradhi. Siku 17 baadaye akafariki dunia.

Sasa majirani watasema hayo ni ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini? Nami nasema mkoa wetu huu una haki ya kuzungumzia chuma kuliko Birmingham. Simulizi za Karagwe humtaja Mtawala Ndagara kuwa mhunzi stadi, na mwanawe Rumanyika ndiye aliyempokea Mwingereza Speke mwaka 1861. Stanley alipopita mwaka 1876 alioneshwa nyumba ya hazina ya mtawala huyo pale Bweranyange, na ndani yake mlikuwa na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma na shaba. Huko upande wa Bukoba, katika miaka ya 1970, wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wajenge tena tanuri la kuyeyushia chuma kama walivyofundishwa na baba zao. Wazee wakajenga, wakapuliza mivukuto, na mwaka 1978 wataalamu hao wakaandika katika jarida la Science kwamba mababu wa eneo hilo walikuwa wakipata chuma cha pua tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Hayo ni ya kale. Njoo kwenye gitaa la kijana wako, mzee. Nyuzi zake ni chuma cha pua, na zile nene huzungushiwa uzi wenye nikeli. Nikeli nyingi kweli ipo Kabanga, Ngara, katika mkoa wetu huu huu. Waya za ndani ya gitaa na spika zimeungwa kwa risasi ya kuchomelea, ambayo kwa kawaida ina madini ya bati. Na yale matoazi makubwa ambayo mpiga ngoma wa bendi hizi huyapiga kama anafukuza nyoka, hutengenezwa kwa shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Je, bati linachimbwa wapi Tanzania kama si Kyerwa? Watu wa Kyerwa wamechimba bati tangu enzi za Mwingereza. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba mahali fulani duniani kuna toazi linalolia huku likiwa na udongo wa Kyerwa ndani yake, na hakuna aliyetuletea hata kaseti ya shukrani.

Tuje kwenye albamu zenyewe, maana najua wapo vijana wanaosubiri sehemu hii na hawataki historia.

Nianze na wakubwa. Metallica wa Marekani walitoa 72 Seasons mwezi Aprili 2023. Jina hilo maana yake ni misimu 72, yaani miaka 18 ya kwanza ya maisha ya mtu, ile miaka ambayo wazazi na walimu hutujaza mambo tunayokuja kuyabeba hadi uzeeni. Wazo ni zuri. Lakini albamu ina dakika 77, na mimi naona dakika 30 zingetosha. Kuna nyimbo ndani yake ambazo zimekwisha na bado zinaendelea. Iron Maiden wa Uingereza walitangulia mwaka 2021 na Senjutsu, nayo ni ndefu zaidi, dakika zaidi ya 80, ila hao nawasamehe, kwa sababu wao husimulia hadithi za vita na wafalme, na hadithi haitaki haraka. Mwimbaji wao Bruce Dickinson aliwahi kuwa rubani wa ndege za abiria, na aliwahi kuiendesha mwenyewe ndege kubwa iliyobeba bendi yake katika ziara za dunia. Judas Priest walitoa Invincible Shield mwezi Machi 2024, wakati mwimbaji wao Rob Halford ana umri wa miaka 72. Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote tatu. Mzee huyo anapaza sauti juu mpaka unaogopa kioo cha taa kitapasuka, na wala hachoki. Sisi hapa mtu akifika miaka 50 tunamwambia aache kucheza ngoma.

Na kabla majirani hawajasema kwamba Mwafrika wa Mashariki hana nafasi humo, nawakumbusha mtoto aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, ambaye familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Mwaka 1974 Queen walitoa wimbo mmoja wenye kasi ya ajabu, Stone Cold Crazy. Metallica waliurudia mwaka 1990, na kwa wimbo huo wakapata tuzo ya Grammy ya muziki wa metali mwaka 1991. Kwa maneno mengine, hao mabingwa wa chuma walibeba tuzo kwa wimbo ambao mmoja wa watunzi wake alizaliwa Zanzibar.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, miaka hii ya karibuni mimi sitafuti tena albamu za Wazungu kwa njaa ile ya zamani. Nimeona kwamba muziki huu sasa unapata damu mpya pale unapoingia kwenye nyumba ya watu na kukuta ngoma imeshatundikwa ukutani. Mfano wa kwanza mkubwa ni Sepultura wa Brazili. Mwaka 1996 walitoa Roots, na kabla ya hapo walikwenda kukaa na watu wa kabila la Xavante katika jimbo la Mato Grosso, wakarekodi pamoja nao. Nilipoisikia albamu hiyo mara ya kwanza, katika kaseti iliyonakiliwa mara nyingi mpaka ikawa inasikika kama mvua, nilielewa kwamba gitaa la umeme linaweza kukaa mkeka mmoja na ngoma ya porini bila kugombana.

Siku hizi wapo wengi. Alien Weaponry wa New Zealand huimba kwa lugha ya Wamaori. Walitoa Tū mwaka 2018, Tangaroa mwaka 2021, na Te Rā mwaka 2025. Wimbo wao mmoja unasimulia vita vya mwaka 1864 ambapo Wamaori walilishinda jeshi la Waingereza katika ngome iitwayo Gate Pā. Bloodywood wa India wanapiga ngoma ya dhol katikati ya magitaa. Rakshak ya mwaka 2022 ni nzuri, na Nu Delhi ya mwaka 2025 si mbaya, ingawa naona wameanza kujua kwamba watu wanawapenda. Kule Togo wapo Arka'n Asrafokor, ambao huchanganya ngoma na nyimbo za Waewe na magitaa mazito. Dzikkuh yao ya mwaka 2024 nimeisikiliza mara nyingi kuliko albamu yoyote ya mwaka huo. Sijui neno hata moja la Kiewe. Lakini mwaka 2001, Saida Karoli wa huku kwetu alipotoa Maria Salome, watu wa Dar es Salaam walicheza mpaka asubuhi bila kujua Kihaya, na mwaka 2016 Diamond Platnumz akaurudisha wimbo huo na vijana wakacheza upya, bado bila kujua Kihaya. Basi na sisi tusidai tafsiri kwa kila kitu.

Botswana nayo ina washabiki ambao ukikutana nao usiku utakimbia: suti za ngozi nyeusi, kofia pana, minyororo na pembe za ng'ombe. Ukizungumza nao ni watu wapole, wengine wanafuga ng'ombe kama sisi. Bendi yao Skinflint iliita albamu yake ya mwaka 2010 Iklwa, yaani mkuki mfupi wa Shaka. Naipenda nia yao zaidi ya sauti yao. Ngoma zao zimerekodiwa nyembamba.

Sasa karibu na nyumbani. Nairobi ina vijana wa metali kwa miaka mingi, na kutoka kwao walitokea wawili, Martin Khanja ajiitaye Lord Spikeheart na Sam Karugu, wakaunda kundi la Duma. Sisi tukisikia duma tunamfikiria mnyama mwenye mbio, lakini wao wanasema ni giza, kwa Kikikuyu. Albamu yao ya mwaka 2020, iliyopewa jina hilo hilo, ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, watu wale wale wa tamasha la Nyege Nyege kule Jinja. Maji ya mto Kagera yanayopita Murongo huingia ziwani na kutokea Jinja kuitwa Naili, kwa hiyo siwezi kusema ni mbali.

Niseme kweli kuhusu Duma. Mara ya kwanza nilidhani simu yangu imeharibika. Ngoma si za mtu, ni za mashine, na zinakwenda kasi ambayo mkono wa binadamu hauwezi. Juu yake kuna mlio kama wa mashine ya kusaga iliyokosa mahindi, na juu ya mlio huo Khanja anapiga kelele kama mtu anayetolewa jino. Nilizima. Siku ya tatu nikawasha tena, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kimebaki kichwani. Baada ya kuisikiliza mara tano au sita niligundua kwamba chini ya vurugu ile mna ngoma inayozunguka kama ngoma za kwetu za usiku kucha, ambapo mpigaji wa pili hamfuati wa kwanza, anamvizia. Sikupenda nyimbo zote. Nusu yake naweza kuishi bila kuisikia tena. Nusu nyingine sijapata kitu mfano wake.

Khanja alitoa albamu yake binafsi, The Adept, mwezi Aprili 2024, chini ya lebo yake mwenyewe, Haekalu. Aliitoa kwa heshima ya bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepewa cheo cha fildi mashali katika vita vya Mau Mau, ambaye alikaa msituni mpaka Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Mama huyo hakukata nywele zake za msituni hadi mwaka 2022, na mwaka 2023 akafariki. Hapo ndipo ninapotaka majirani wa mzee wasikilize vizuri. Wanasikia kelele tu. Lakini kijana huyo wa Nairobi anamlilia bibi aliyeishi porini miaka kadhaa akiwindwa. Kilio cha namna hiyo kingeimbwa kwa sauti tamu ya kwaya, mimi nisingekiamini. Lawama yangu kwa The Adept ni moja: amealika wageni wengi mno, kila wimbo una mtu wake, na mara nyingine mwenye msiba hasikiki kwa sababu ya waombolezaji.

Nije kwenye shetani, maana nimeona mzee ameandika neno hilo kwa wino mwekundu.

Sitakudanganya, mzee. Wapo wanamuziki wa aina hii waliomtaja shetani ili wauze, nao ni wengi, na wapo wachache waliokuwa na akili mbovu kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Norwei makanisa kadhaa ya mbao yalichomwa moto na vijana wa kundi hilo, na mwaka 1994 mwanamuziki mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa kuua mtu na kuchoma makanisa. Nyimbo za mtu huyo mimi sizipigi hapa na wala sina haja nazo nyumbani. Kama kijana wako anazo, hilo ni jambo la kukaa naye na kumuuliza. Lakini fuvu la kichwa kwenye fulana halitoshi kuwa ushahidi. Hata chupa ya dawa ya panya ina fuvu.

Na sasa nataka kumuuliza mzee swali, kwa heshima zote, tata. Ulipokuwa mtoto, enanga ilipoletwa nyumbani usiku, mpigaji aliimba habari gani? Aliimba vita. Aliimba mashujaa walioondoka hawakurudi. Aliimba kifo, na watawala waliosalitiwa, na Mugasha bwana wa ziwa na dhoruba anayepindua mitumbwi. Profesa Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizikusanya tenzi hizo za enanga za Wahaya na kuwathibitishia wasomi wa dunia kwamba ni tendi kamili, sawa na za mataifa mengine yanayojivunia tendi zao. Wala mpigaji hakuimba kwa sauti nyororo muda wote. Alipofika penye vita alikoroma, alipiga ubao wa enanga kwa vidole, alinong'ona na kufoka. Watoto tuliogopa, na tukaomba aendelee. Hakuna jirani aliyekuja na nyundo. Walileta rubisi.

Kuna jambo jingine. James Grant, mwenzake Speke, aliugua mguu akabaki hapa Karagwe kwa miezi kadhaa mwanzoni mwa mwaka 1862. Kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, alitazama na kusikiliza, na katika kitabu chake aliisifu enanga kuwa chombo kilichokamilika kuliko vyote alivyoviona, akaeleza kwamba ina nyuzi saba au nane. Wapenzi wa metali wanaonisikiliza wameshatabasamu. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Wapigaji wa metali nzito waliona hazitoshi, wakaongeza ya saba, na Meshuggah wa Uswidi, ambao albamu yao Immutable ilitoka mwaka 2022, hupiga magitaa ya nyuzi nane. Wamehangaika miaka mingi kufika mahali ambapo mzee wa Karagwe alikuwa amekaa tayari juu ya ngozi ya ng'ombe mwaka 1862.

Kwa hiyo jibu langu, mzee, ni usilivunje. Lakini sijamaliza, na kijana naye asianze kucheka.

Kwanza, fedha ya mbuzi ni deni. Gitaa halikuondoi shambani. Kahawa yako inataka kupaliliwa na migomba inataka kutolewa majani makavu, na mkono unaoshika jembe asubuhi unaweza kubana nyuzi jioni. Iommi alikuwa kibarua. Kijana alipe mbuzi hao watatu kwa kazi, mmoja kila msimu, na mzee aandike kwenye daftari. Pili, spika izimwe saa tatu usiku. Majirani wana haki ya kulala hata kama hawana haki ya kuleta nyundo. Baada ya hapo kuna vifaa vya kuchomeka masikioni, na muziki huu masikioni unasikika vizuri zaidi, kwa sababu mabati ya paa hayashiriki. Tatu, fundi mwashi aambiwe ahsante, nyundo yake abaki nayo.

Na la nne ndilo linaloniuma. Katika vijiji vyetu wapigaji wa enanga waliobaki ni wazee sana. Nyumba nyingi enanga imewekwa darini, imeliwa na mchwa, au watoto wameigeuza hori la kulishia kuku, kwa kuwa umbo lake la mtumbwi linafaa kabisa kwa pumba. Kijana huyu ana masikio, ana kiu, na inaonekana ana ubishi wa kutosha. Mzee, kama kuna mpigaji hai katika kata yenu, mpeleke kijana kwake pamoja na gitaa lake. Amsikilize namna anavyofuatana na wimbo wake mwenyewe, ajifunze utenzi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, aurekodi kwenye simu. Wamaori wamefanya, Waewe wamefanya, Kikuyu mmoja amefanya. Mimi nimeishi nikingoja bendi ya Karagwe itakayomwimba Rumanyika na ng'ombe wake wa chuma kwa gitaa lililoteremshwa mpaka chini kabisa, na enanga ikiwa mbele, isiwe pambo la dakika mbili mwanzoni halafu inyamaze. Kama itaimbwa kwa Kinyambo, vizuri zaidi. Ikifika siku hiyo nitainunua kwa bei yoyote, na nitaisema vibaya redioni nikiona ngoma zimerekodiwa nyembamba.

Kuna wanaosema vijana wakichanganya hivyo wataiharibu enanga. Nimelifikiria hilo na silidharau. Kuna mchanganyiko mbaya, na nimesikia mwingi. Lakini enanga iliyomo darini na mchwa haihifadhiwi na mtu yeyote kwa kukaa pale.

Kwa wazazi wengine ambao wangependa kujua watoto wao wanasikiliza nini kabla ya kuazima nyundo, natoa utaratibu wa kujaribu, kwa kuwa muziki huu ni kama senene: mgeni hapewi bakuli zima mara ya kwanza, anapewa watatu, waliokaangwa vizuri, na asitazame miguu. Anzeni na Stone Cold Crazy ya Queen, ni dakika mbili na kidogo tu, na mtoto wa Unguja ndiye anayeimba. Kisha albamu ya kwanza ya Black Sabbath, ambayo leo itawasikikia kama muziki wa wazee. Halafu Roots ya Sepultura, ila msianze usiku. Mkivuka hapo salama, Dzikkuh ya Arka'n Asrafokor isikilizwe yote, bila kurukaruka. The Adept iwe baada ya hapo, na mzee awaeleze watoto kwanza Muthoni wa Kirima alikuwa nani. Na mkifika kwenye Duma, fungieni kuku bandani kabla ya kuwasha.